Kusasisha, Kuboresha, au Kubadili Toleo?

Istilahi ya kompyuta yafaa ipimwe kwa mtumiaji aliye mbali na fundi. Tumchukue karani wa Manyoni, mkoani Singida, mwenye kompyuta kuukuu na intaneti ya kununua kwa bando. Je, akiulizwa kwenye kioo kama yu tayari "kusasisha", anaulizwa nini hasa?

Hatuna ugomvi na neno lenyewe. Sasisha limetokana na sasa kwa kiambishi -isha, kama vile rahisisha lilivyotokana na rahisi. Kasoro imo katika kulitwika mizigo miwili. Tangu Windows 10 ilipotolewa mwaka 2015, karani huyo aliletewa viraka vya usalama kila mwezi, na mara kwa mara akaletewa toleo jipya zima la mfumo endeshi. Vyote kwa jina moja. Aliyemalizikiwa na bando kwa sababu ya toleo jipya alijifunza kukataa na viraka pia. (Kiraka, kwa maoni yetu, ni istilahi njema kupita nyingi: hakuna asiyekijua.)

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Windows 10 ilipokoma kupata huduma ya kawaida, mkanganyiko huu umekuwa na gharama kubwa zaidi. Windows 11 hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0, ambayo kompyuta nyingi za zamani hazina. Hata hivyo mtengenezaji aliweka mpango wa nyongeza wa viraka kwa wasioweza kuhama. Karani asiyetofautisha kusasisha na kubadili toleo atajuaje kwamba anaweza kupata kimoja bila kingine?

Wapo wapendekezao kuboresha kwa badiliko kubwa. Tunalikataa. Neno hilo limekwisha kuhukumu kabla ya kusikiliza: mfumo mpya katika mashine yenye kumbukumbu haba huenda ukaizorotesha. Kuboresha ni lugha ya muuzaji. Kubadili toleo hakumsifu mtu.

Kuhusu utaratibu wa kugawa toleo, awamu limezoeleka, nalo lafaa kwa mpango wa mtengenezaji, atoaye kwa mashine chache kwanza ili kasoro zionekane mapema. Mkulima wa alizeti wa Iramba naye hujaribu mbegu ngeni katika kipande kimoja cha shamba. Lakini mashine moja haina awamu; ina zamu. Ikizuiwa kwa sababu ya kasoro iliyokwisha kujulikana, hilo ni zuio, wala si hitilafu.

Simamisha ndilo baya kuliko yote, kwani ni kukomesha na pia ni kukifanya kitu kisimame. Katika Windows 10 kitendo hicho hakizidi siku 35, kwa hiyo ni kuahirisha. Rejesha nalo hubeba mengi mno: kurudisha faili, kufuta kila kitu, na kurudi toleo la awali, jambo ambalo kwa kawaida huruhusiwa kwa siku 10 tu. Kwa hili la mwisho tunapendekeza kurudi toleo, ili liambatane na kubadili toleo.