Kyaghanda bila mzee

Wazee wetu Wanande walikuwa na kyaghanda, pale wanaume walikaa kando ya moto kuzungumza mambo ya kijiji. Mwenye kuleta habari aliulizwa: umeona kwa macho yako, ao umesikia tu? Akidanganya, nyumba yake ilijulikana.

Leo tuko na WhatsApp. Nayo ni kyaghanda, tena wamama pia wanasema ndani yake, na hilo tunalisifu. Lakini mzee wa kuuliza hayuko. Mtu anajibu «nimetumiwa», basi, mambo yameisha.

Tuliona matunda yake wakati wa Ebola, toka Agosti 2018 mpaka Juni 2020, ugonjwa uliopoteza watu zaidi ya 2.200. Kwenye telefone tulisoma eti ni uongo, ni biashara ya wakubwa. Kisha, Desemba 2018, CENI ikaahirisha uchaguzi wa Beni na Butembo mpaka Machi 2019, ikitaja Ebola na ukosefu wa usalama. Rais akatangazwa Januari, sisi bado kupiga kura! Nani asingekuwa na mashaka? Tarehe 31 Desemba serikali ikakata intaneti, karibu siku 20. Uvumi haukukatika, ulitembea kwa miguu.

Hatusemi tutupe telefone. Tunasema: serikali iseme kweli mapema, kwa Kinande na Kiswahili. Na sisi, katika kila grupu, mmoja athubutu kuuliza swali la wazee: umeona kwa macho yako?