Wake wa Maji: Ndoa ya Pepo na Binadamu katika The Concubine na Efuru

Riwaya mbili za Nigeria zilizochapishwa mwaka 1966, The Concubine ya Elechi Amadi na Efuru ya Flora Nwapa, zinamfunga mwanamke kwa pepo wa maji, ila kwa masharti tofauti. Ihuoma wa Amadi alikuwa mke wa Mfalme wa Bahari kabla ya kuzaliwa. Yeye mwenyewe haukumbuki uhusiano huo. Anayeufichua ni mganga Anyika. Wanaoulipia ni wanaume: Emenike anakufa, Madume anapofuka na kujinyonga, Ekwueme anauawa kwa mshale uliokusudiwa mjusi.

Efuru huitwa ndotoni na Uhamiri, bibi wa ziwa, akiwa mtu mzima, naye anaitika. Ni rahisi kuusoma utasa wake kuwa bei ya mwito huo. Mtafiti haafiki. Ogonim, mwanawe wa pekee, alizaliwa na kufa kabla ya ndoto hizo. Uhamiri, basi, hamnyang'anyi kitu. Anamkuta mwanamke aliyekwisha kuhukumiwa na majirani, akampa heshima isiyotegemea mume. Swali linalofunga riwaya, kwa nini wanawake wamwabudu asiye na mtoto, linawaelekea majirani hao kuliko ziwa.