X Japan na Nyimbo Zilizodumu
X Japan ni bendi ya roki nzito iliyoanzishwa mwaka 1982 mkoani Chiba, Japani, wakati huo ikiitwa X tu, na marafiki wa utotoni: Yoshiki, mpiga dramu na piano, na mwimbaji Toshi. Sifa yao kubwa ni kuufanya muziki wa vishindo upendwe na watu wa kawaida bila kuupunguzia makali.

"Kurenai", uliotoka 1989, ndio mfano bora. Unaanza kwa upole kabisa, kisha dramu zinaingia kwa kasi ya kumkata msikilizaji pumzi, huku magitaa mawili yakipokezana. Sauti ya Toshi, nyembamba na ya juu, haimezwi na kishindo hicho. Wimbo huo umevuka majukwaa ya roki: bendi za matarumbeta za shule za sekondari huupiga kushangilia timu zao za besiboli katika uwanja wa Koshien, heshima ambayo nyimbo chache za aina hii zimeipata.

"Endless Rain", wa mwaka huohuo, ni wa piano na majonzi. Mashabiki huuimba kwa pamoja ukumbi mzima. "Art of Life" wa 1993 una dakika 29, okestra, na sehemu ndefu ya piano inayovurugika makusudi. Si wa kila sikio, lakini ndio unaomwonyesha Yoshiki mtunzi kwa ukamilifu. "Forever Love" wa 1996 ni mwepesi zaidi. Hata hivyo, Waziri Mkuu Junichiro Koizumi aliupenda, na chama chake kikautumia katika tangazo la televisheni mwaka 2001.