Matofali 24 ya Münster

Kuongeza alama kwenye lugha ya kuchora kazi za ofisi ni rahisi. Kila idara ina jambo lake, kila mshauri ana mshale anaoupenda, na kamati inayotaka amani itaingiza yote. Fundi hasa utamjua kwa alama alizozikataa. Ndiyo maana sichoki kuitazama kazi ya Jörg Becker na wenzake wa Chuo Kikuu cha Münster, Ujerumani, waliobuni lugha iitwayo PICTURE kwa ajili ya ofisi za umma, hasa za halmashauri.

Lugha za jumla zilikuwepo tayari. Inayovuma zaidi, BPMN, huchora chochote: benki, kiwanda, hospitali. Ina visanduku vya kazi, almasi za uamuzi, maduara ya matukio, na aina zake ni nyingi. Michael zur Muehlen na Jan Recker walichambua michoro 120 ya lugha hiyo, na mwaka 2008 wakatoa majibu: mchoro wa kawaida hutumia chini ya asilimia 20 ya alama zilizopo, na ni tano tu zilizoonekana katika zaidi ya nusu ya michoro. Nyingine zilikuwa za kujazia kitabu.

Watu wa Münster walianzia kwa karani: hufanya nini hasa kutwa nzima? Anapokea barua. Anaangalia kama fomu imejazwa. Anaingiza taarifa kwenye kompyuta, anamshauri mwananchi aliyefika dirishani, anapeleka waraka kwa mwenzake, anahifadhi jalada. Kibali cha ujenzi, leseni ya baa, hata usajili wa mbwa (Ujerumani mbwa hulipiwa kodi) vyote vinajengwa kwa vitendo hivyohivyo. Wakavipanga, wakavipunguza, wakabaki na matofali 24.

Kila tofali lina jina na maana iliyokwisha kuamuliwa, na hapo ndipo ninapowavulia kofia. Katika lugha ya jumla kisanduku huja kitupu, mchoraji akaandika apendavyo. Afisa mmoja ataandika "kukagua maombi", wa pili "kupitia fomu", wa tatu "uhakiki". Huenda wote wanafanya kazi moja, huenda sivyo. Anayesoma michoro mia tatu ya mji mzima hana namna ya kujua. Kwenye PICTURE, kukagua kama nyaraka zimetimia ni tofali moja, na kupima kama mwombaji anastahili ni tofali jingine. Tofauti hiyo si ndogo. Ya kwanza karani yeyote wa masijala anaimaliza kwa dakika chache. Ya pili inahitaji mtu anayeijua sheria. Kila tofali hubandikwa taarifa zake, kwa mfano muda unaotumika, au waraka umepitia posta ama barua pepe. Hapo unaweza kuiuliza michoro yote kwa mpigo: ni wapi tunachapa karatasi kutoka kompyuta moja halafu tunaiingiza kwa mkono kwenye nyingine?

Kisha wakathubutu jambo ambalo mhandisi akilisikia hushika kichwa: matofali hupangwa kwa mstari mmoja tu, bila almasi za uamuzi. Kama sehemu ya maombi huja kwa posta na sehemu kwa mkono, unaandika asilimia ndani ya tofali, na safari haigawanyiki. Hasara ipo. Mchoro wa namna hiyo huwezi kuikabidhi mashine iuendeshe. Mimi naona walilipa bei halali, maana walitaka karani achore kazi yake mwenyewe bila kumsubiri mshauri wa kulipwa, na almasi ndizo zinazomfukuza karani mezani.

Upande wa kuzipima lugha hizi haupendwi sana, maana hapo mbunifu huvuliwa nguo. Mwaka 2009 Daniel Moody aliweka kanuni tisa za kupimia alama. Mojawapo inataka kila alama iwe na maana moja, na kila maana iwe na alama moja. Nyingine inataka alama zitofautike machoni. Ichukue BPMN uipime kwa hiyo: tukio la kuanza ni duara la mstari mwembamba, la katikati lina mistari miwili, la mwisho lina mstari mnene. Pitisha mchoro huo mara mbili kwenye mashine ya fotokopi iliyochoka, uone kama bado unajua kazi inaanzia wapi.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni makarani wawili wanaofanya kazi ileile, kila mmoja chumba chake, wachore bila kuongea. Michoro ikifanana, lugha imekomaa. Isipofanana, usiwalaumu wao.

Halmashauri zetu nazo zinahamishia huduma kwenye mifumo ya kompyuta. Ninyi mnaoijenga, kabla hamjachagua programu ya kuchorea, ombeni kiti masijala mkae kutwa nzima, mwandike kila kinachofanywa kwa jalada moja tangu linapofunguliwa. Muulizeni na karani kila kitendo yeye anakiitaje.