Fundi wa Kombolela

Nilipokuwa darasa la pili, niliujua ukuta wa nyuma ya madarasa yetu kuliko nilivyokijua kitabu cha hesabu. Nilijua tofali lipi limemomonyoka na mjusi yupi anaishi kwenye ufa upi. Elimu hiyo niliipata katika kipindi cha michezo. Tulikuwa tukicheza rede: wawili wanarushiana mpira, sisi wengine tuko katikati tunaukwepa, na anayepigwa anatoka. Mimi nilikuwa mzito wa miguu. Mpira wa kwanza usiponipata, wa pili ulinipata, na safari yangu ikawa ya ukutani. Waliokuwa wepesi walibaki katikati wakizidi kuwa wepesi. Sisi wazito tulisimama tukizidi kuwa wazito.

Simlaumu mwalimu wetu. Siku zile kipindi cha michezo kilikuwa ndicho kipindi chake cha kusahihisha madaftari, na kivuli cha mwembe kilikuwa ofisi nzuri kuliko ofisi yenyewe. Aliamini, kama wanavyoamini wengi hadi leo, kwamba watoto kucheza hawafundishwi. Wafungulie mlango tu. Niliamini hivyo na mimi kwa miaka mingi. Kisha siku moja nikaenda shuleni kumchukua mpwa wangu, nikafika mapema, nikamkuta mwalimu wa darasa la kwanza uwanjani na watoto wake. Nilisimama kwenye uzio kama mtu anayemtazama seremala akipiga randa.

Alikuwa mama wa makamo, raba miguuni, khanga kiunoni juu ya sketi, filimbi shingoni imefungwa kwa kamba ya kiatu. Watoto walikuwa 96. Sera ya elimu inataja mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, lakini watoto hawaji shuleni kwa kufuata sera. Wanakuja kwa sababu wamezaliwa. Kipindi cha darasa la kwanza ni dakika 30. Ukiondoa za kuwatoa darasani, za kumfunga huyu kamba za viatu na kumsubiri yule aliyekwenda chooni, zinabaki 20 na kidogo. Hapo ndipo ufundi unapoanzia, na unaanza na hesabu.

Chukua mbio za kupokezana. Kila mtoto anakimbia hadi kwenye kifuu cha nazi, anakizunguka, anarudi: sekunde 10. Ukiwapanga watoto 96 katika mistari minne, kila mstari una watoto 24. Anayemaliza zamu yake atawasubiri wenzake 23, yaani sekunde 230, karibu dakika nne. Ndani ya dakika nne mtoto wa miaka saba anaweza kuanzisha ugomvi, akapatana na mwenzake, na akaanzisha mwingine. Mwalimu huyu aliwapanga mistari 12, wanane wanane. Kusubiri kukashuka hadi sekunde 70, muda wa kuhema na kumshangilia mwenzako. Gharama ya mabadiliko hayo yote ilikuwa vifuu vinane vya ziada.

Wala mistari hiyo haikupangwa na manahodha. Enzi zetu wakali wawili walisimama mbele wakachagua mmoja mmoja, na wa mwisho kuchaguliwa alirudi nyumbani na jambo la kufikiria usiku. Huyu aliwahesabu tu kwa kuwagusa vichwani, moja hadi 12, kisha akaanza upya. Ilimchukua chini ya dakika, na hakuna aliyejua nani angekuwa wa mwisho.

Mwili wa mtoto mdogo nao una mwendo wake. Mwache peke yake umtazame: anafyatuka, anasimama, anachuchumaa kutazama siafu, anafyatuka tena. Anachoka upesi na uchovu humtoka upesi. Kumzungusha uwanja mzima kwa mwendo mmoja ni kumvalisha koti la baba yake. Nakumbuka mchakamchaka wetu wa alfajiri, nyimbo zake zilivyokuwa tamu na vumbi lake lilivyonukia. Lakini nakumbuka pia kwamba aliyechelewa aliongezewa mizunguko. Tuliadhibiwa kwa kukimbia, kisha watu wazima wakashangaa kwa nini tulipomaliza shule hatukutaka kukimbia tena.

Mipira ya mwalimu huyu ilikuwa sita, yote ya kushona kwa mkono. Zamani mpira wa rede tuliufunga kwa mifuko ya plastiki, ukikazwa kwa uzi au mpira wa baiskeli. Mifuko hiyo ilipopigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, barabara zilipumua, na malighafi ya watoto ikaadimika. Mwalimu alinirushia mmoja niubonyeze. Katikati mna matambara ya kwa fundi cherehani, yamefungwa kwa nguvu. Juu yake yamezungushwa mabaki ya sponji ya kwa fundi makochi. Nje ni soksi iliyopotelewa na mwenzake, imepigwa sindano mdomoni. Ukiweka sponji tupu, alisema, mpira unapeperuka. Ukiweka matambara matupu, unauma kama embe bichi. Basi yeye ameutengeneza kama embe lenyewe: kokwa ndani, nyama katikati, ganda juu. Nilimuuliza kwa nini ahangaike hivyo kwa ajili ya mpira wa darasa la kwanza. Akanijibu kwamba mtoto aliyeumizwa na mpira hujifunza kufumba macho, na anayefumba macho hadaki.

Halafu akacheza nao nyama-nyama. Mchezo huu kila aliyesoma shule ya msingi anaujua: kiongozi anataja mnyama, kama analiwa mnaruka, kama haliwi mnatulia, na anayeruka kwa kosa anatoka. Alitaja mbuzi, wakaruka. Akataja paka, wakaruka wachache na wengi wakacheka. Akataja nguruwe, na hapo darasa likagawanyika: nusu wamo hewani, nusu wamesimama wima, na kila upande unaushangaa mwingine. Mwalimu hakutetereka. Alisema kila mmoja amepatia kwao, akaendelea na bata. Nimehudhuria makongamano ya siku tatu kuhusu kuvumiliana ambayo hayakufika pale alipofika yeye kwa pumzi moja.

Lakini kilichonishika ni jambo jingine. Waliokosea hawakutoka. Aliyeruka kwa paka alikimbia kuugusa mwembe, akarudi mahali pake, mchezo ukiwa unaendelea. Alilitamka jambo hilo kwa namna ambayo halikuwa adhabu: “Nenda kausalimie mwembe, uniletee majibu.” Baada ya dakika chache niliona wapo wanaoruka kwa makusudi kwa fisi na kwa mbwa, ili nao wausalimie mwembe. Mwalimu aliona. Akatabasamu, akaacha.

Mwewe na vifaranga aliucheza vivyo hivyo, kwa kuugusa kidogo tu. Watoto wanashikana viuno nyuma ya kuku, mwewe anajaribu kumnyakua wa mwisho. Aliyewahi kuwa mkia anajua siri ya mchezo huu: kuku akipiga hatua moja kushoto, mkia unalazimika kukimbia hatua nyingi ili kumfuata. Nafasi inayochosha kuliko zote hupewa mdogo kuliko wote, kwa kuwa wakubwa hukimbilia mbele. Mwalimu aliweka safu fupi za watoto sita, na kifaranga akinyakuliwa haendi kukaa. Anakuja mbele anakuwa kuku, na kuku anakuwa mwewe. Hivyo kushindwa kwako ndiko kunakokupandisha cheo.

Kiswahili chetu kina neno moja, michezo, kwa ligi kuu na kwa kujificha nyuma ya pipa. Ni utajiri, lakini umetuponza. Tukisikia michezo shuleni, tunafikiria vikombe. Tunafikiria UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi Tanzania, ambapo shule inatoa wachache, wilaya inachuja, mkoa unachuja, hadi wanabaki wakali wa taifa. Mashindano yana mahali pake na heshima yake, na kazi yake ni kuchuja. Darasa la kwanza si mahali pa kuchuja. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate kwa wastani dakika 60 kila siku za mwendo wa kumfanya aheme. Mtoto aliyetolewa kwenye rede dakika ya pili anazipata wapi? Anayehitaji kukimbia kuliko wote ndiye wa kwanza kuambiwa asimame. Hakuna mwalimu wa kusoma anayemtoa nje ya darasa mtoto aliyekosea silabi ya kwanza, kisha akaendelea na wanaojua. Uwanjani tumefanya hivyo vizazi na vizazi, na tukauita mchezo.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 31, unatambua kucheza kuwa haki, pamoja na mapumziko. Haki haina mshindi wa pili. Lakini sidhani kwamba mwalimu yule aliongozwa na mkataba. Nadhani aliongozwa na watoto wenyewe, kwa maana watoto wa mitaani kwetu waliujua ugonjwa huu wa kumtoa aliyeshindwa zamani na walishatunga dawa yake. Dawa hiyo ni kombolela.

Kombolela ndiyo aliyoiweka mwisho. Kopo la maziwa ya unga linasimamishwa katikati ya uwanja. Mtafutaji anafumba macho, anahesabu, wengine wanajificha. Anayeonekana anakuja kusimama karibu na kopo, mateka. Mateka wanaongezeka, hadi mmoja ambaye bado hajaonekana achomoke mafichoni, alipige teke kopo, alitaje jina la mchezo kwa sauti ya kuamsha mtaa, na wote waliokamatwa wawe huru. Ndani ya jina lenyewe mna kukomboa. Katika michezo yote ya utotoni kwetu, sikumbuki mwingine ambao shujaa wake anasifiwa kwa idadi ya wenzake aliowarudisha ndani.

Hata hivyo kombolela ya mtaani ina ukatili wake. Mtafutaji mnyonge anaweza kutafuta hadi adhana ya magharibi, akaishia kulia. Mwalimu aliupunguza ukatili huo kwa sheria tatu ndogo. Watafutaji ni wanne, wamefungwa vitambaa mkononi. Wakikombolewa mateka mara mbili, watafutaji wanabadilishwa. Na mateka hawasimami mikono mfukoni: wanashikana mikono kuanzia kwenye kopo, wanajinyoosha kama kamba kuelekea upande wanakomtarajia mkombozi, na akiugusa mkono wa wa mwisho inatosha, wote wamekombolewa. Kwa sheria hiyo ya tatu, kila anayekamatwa anaurefusha mkono wa wokovu. Kadiri mnavyoshindwa wengi, ndivyo mnavyokaribia kushinda.

Mateka wa kwanza siku ile alikuwa mvulana mnene mwenye kaptura iliyoshonwa upya mapajani. Hakuwa amefika hata nusu ya njia ya kuelekea mafichoni. Nilimtambua kabla sijamjua. Ningeweza kumwonyesha mjusi anaishi ufa upi. Alisimama kwenye kopo ameinamisha kichwa. Akaja mateka wa pili, akamshika mkono. Wa tatu. Wa saba. Mwalimu akapita, akawaambia kwa sauti ya kawaida kwamba wa mbele ashike mkia na wa mkia ashike mbele, na kamba ikajigeuza. Yule mvulana akawa kwenye ncha. Alikuwa na mikono mirefu. Aliegemea mbele hadi wenzake wakalazimika kuchimba visigino mchangani wasianguke. Kutoka nyuma ya matangi ya maji akachomoka msichana mdogo, nywele za mabutu, watafutaji wawili nyuma yake. Aliupiga ule mkono ulionyooshwa, na sauti iliyotangaza kombolela haikuwa yake. Ilikuwa ya yule mvulana.

Uwanja ukatawanyika. Yeye aliangaza kushoto na kulia, hakuona pa kujificha, akakimbia moja kwa moja kwenye uzio, akajipenyeza nyuma yangu, akanishika suruali kwa nyuma. Nilisikia moyo wake ukidunda mgongoni mwangu.

“Anko, usiseme,” akanong'ona.

Sikusema. Nilisimama wima kama ukuta, kazi niliyojifunza zamani, mara hii kwa faida ya mtu. Filimbi ya mwisho ilipolia nilitazama uwanja mzima kutafuta waliotolewa. Hawakuwapo.

Tunawasifu mafundi kwa vitu vinavyobaki: mlango wa Lamu, jahazi, kanzu ya mkono. Kazi ya fundi huyu haibaki. Mtoto akitoka jasho, linakauka. Mistari ya majivu uwanjani inafutwa na miguu ya kesho. Kwa hiyo naandika, angalau hili libaki. Na kwenu walimu wa awali na wa darasa la kwanza na la pili, na nyinyi wazazi mnaowakusanya watoto wa jirani uani siku za likizo, ninalo ombi moja. Dakika tano baada ya kuanza mchezo, simamisheni macho, tazameni ukutani, mhesabu waliosimama. Kama wapo, watoto hawana kosa. Badilisheni sheria.