Pama, Tarbushi na Kilemba: Kofia za Kale Katika Uwanda wa Dodoma

Katika Kiswahili vazi la kichwa limepewa heshima ambayo kanzu na viatu havikupewa. Mtu asifiwaye kwa hila huambiwa amevikwa kilemba cha ukoka. Ada ya mwalimu wa kazi, mwanafunzi wake anapohitimu, huitwa kilemba. Na katika ndoa za pwani jina hilo hilo hutajwa miongoni mwa haki za wazee wa bibi arusi. Walakini pama, yaani kofia ya ukingo mpana iliyoumbwa kwa manyoya yaliyoshindiliwa, haikupata nafasi kama hiyo katika methali, ijapokuwa imekaa juu ya vichwa vya watu wa bara kwa vizazi kadhaa. Yafaa kuuliza kama upungufu huu ni dalili kwamba pama ingali mgeni, au kwamba wasomi hawajaitazama.

Ipagala, kata ya Jiji la Dodoma iliyo upande wa mashariki, ni mahali pafaapo kwa swali hili. Hapo hukutana wazee wa Kigogo waliorithi pama za baba zao, wafanyabiashara wa ng'ombe wazivaao kwenda mnadani Msalato, na vijana wa mjini, wengi wao wakiwa wamekuja baada ya serikali kutangaza mwaka 2016 kwamba itahamia Dodoma kwa vitendo. Hawa huzitafuta kofia za zamani katika marobota ya mitumba. Kofia ni moja, lakini maana tatu.

Kwanza itazamwe kofia yenyewe. Haifumwi wala haishonwi. Manyoya ya kondoo au ya sungura huloweshwa, hutiwa joto na kukandamizwa hata unyoya mmoja ukaushika mwenzake; nguo inayopatikana, iitwayo felti, huumbwa kwa mvuke juu ya kalibu ya mbao. Tarbushi nyekundu ya pwani imetengenezwa kwa njia iyo hiyo. Kwa asili ya kitu, basi, tarbushi na pama ni ndugu, hata kama moja huhesabiwa kuwa ya Mashariki na nyingine ya Ulaya.

Majina nayo yana mafunzo. Huko Ulaya kofia mbili mashuhuri za felti zilipata majina yao katika fasihi. Fedora ni jina la mwanamke katika mchezo wa Victorien Sardou wa 1882, ulioigizwa Paris na Sarah Bernhardt. Trilby ni mwanamke katika riwaya ya George du Maurier ya 1894. Wote wawili ni watu wa kubuniwa, na kofia zilizobeba majina yao zikaishia vichwani mwa wanaume. Neno pama laelekea kutoka Panama. Na kofia ya Panama ni ya majani yaliyosukwa, tena asili yake ni Ecuador. Mswahili, kwa hiyo, alilichukua jina la kofia ya majani akaipa kofia ya manyoya. Msomi mwepesi wa kucheka ataliita kosa. Lakini aliyeliteua jina hili hakujali kofia imefanywa kwa nini, wala mchezo gani uliisifu. Alijali umbo, na katika umbo, ukingo utiao kivuli. Katika uwanda ulio juu ya bahari kwa kadiri ya mita 1,100, wenye masika moja tu, tangu Desemba hata Aprili, na jua na vumbi muda uliobaki, hilo ndilo jambo la kwanza kujaliwa. Jina lilichaguliwa na mvaaji, si na muuzaji.

Kuna hoja nzito dhidi ya pama, nayo sharti isikilizwe. Yasemwa kwamba kofia hii ililetwa na utawala wa kigeni pamoja na reli, iliyoanzwa kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914, na kwamba aivaaye huvaa kasumba. Okot p'Bitek alimpa Lawino, katika utenzi wake wa 1966, ulimi mkali wa kuwadhihaki Waafrika waigao Uzungu. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ukapiga vita sketi fupi, nywele za bandia na suruali za kubana. Na katika miaka iyo hiyo Wamaasai walihimizwa waache mashuka yao wavae suruali. Yaani vazi la Ulaya lilikuwa aibu mjini na maendeleo mbugani. Mkanganyo huu waonyesha kwamba hoja ya asili ya vazi haitoshi kuhukumia.

Historia ya tarbushi yathibitisha jambo hili kwa uwazi zaidi. Mwaka 1829 Sultani Mahmud wa Pili wa Uturuki aliwaamuru maofisa wake wavae tarbushi badala ya vilemba, iwe alama ya mageuzi. Mwaka 1925 sheria ya Mustafa Kemal iliipiga marufuku kuwa alama ya kubaki nyuma, na mahali pake ikawekwa kofia ya ukingo. Felti haikubadilika katika miaka hiyo 96. Kilichobadilika ni mkono ulioamuru.

Mfano wa tatu uko karibu zaidi. Katika Nyasaland, kabla ya uasi wa John Chilembwe wa 1915, kofia ya Mwafrika ilikuwa sababu ya ugomvi na walowezi, waliotaka ivuliwe mbele yao. George Shepperson na Thomas Price walilieleza jambo hilo katika kitabu chao cha 1958. Hapa hoja ya kasumba yageuka. Alama ya utumwa haikuwa kuivaa kofia, bali kulazimishwa kuivua. Na aliyeiacha kichwani alikuwa akidai utu wake.

Hata hivyo, mtetezi wa pama asishangilie upesi. Zamani kijana wa Kigogo alipambwa na nywele zake mwenyewe, zilizosukwa na kupakwa ngeu. Kichwa chenyewe kilikuwa kazi ya sanaa, na kazi hiyo ilihitaji mikono ya wenzake na saa nyingi za kukaa pamoja. Kofia haikai juu ya kichwa cha namna hiyo ila kwa kukiharibu. Si pama peke yake iliyoondoa nywele hizo. Shule, misheni na kazi za mshahara zilishiriki. Lakini pama iliketi mahali palipoachwa wazi. Hasara hii ni ya kweli, na uhakiki usioitaja ni kilemba kingine cha ukoka.

Sasa wavaaji watatu wapimwe. Mfanyabiashara wa ng'ombe huitumia pama kama chombo: humkinga jua, na humtambulisha kwa mbali katikati ya vumbi na mifugo. Kijana mkusanyaji ana elimu asiyokuwa nayo mwingine. Hugeuza kofia ndani, akatazama utepe wa ngozi, namba ya kipimo na muhuri wa kiwanda. Ajua kwamba nyumba ya Borsalino ilianza Alessandria, Italia, mwaka 1857, na ya Stetson Philadelphia mwaka 1865. Huipiga burashi, huikinga na nondo, na bila yeye kofia nyingi zingeoza. Kosa lake ni moja: aitakayo zaidi ni kofia isiyovaliwa, kana kwamba jasho la mwenyewe ni doa katika historia yake. Mzee naye hana habari za Alessandria. Huiweka pama yake juu ya kabati, akaishusha siku ya arusi na siku ya msiba. Akifika mlangoni mwa waliofiwa, huivua, akaishika kifuani, ndipo asalimu.

Katika tendo hilo liko jibu la swali lililoulizwa mwanzoni. Kilemba hakivuliwi kwa ajili ya kumheshimu mtu, na msikitini kichwa hufunikwa. Lakini Kiswahili husema kwamba anayestahili sifa huvuliwa kofia. Msemo huu haukuzaliwa na kilemba wala na kofia ya viua. Ulikuja na kofia ya ukingo. Basi pama imekwisha ingia katika lugha, ila iliingia bila jina lake. Na kitendo ambacho mlowezi alikitaka kwa nguvu, mzee wa Ipagala hukitoa kwa hiari, tena kwa wafiwa, si kwa mabwana. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kuiga na kumiliki.

Kwa wanafunzi wa lugha kazi imebaki. Sehemu za pama, bonde lake la juu, utepe wake, mkunjo wa ukingo wake, hutajwa na wavaaji kwa maneno yao, ya Kiswahili na ya Kigogo, ambayo yafaa kukusanywa kwa bidii ile ile wanayoitumia vijana kukusanya kofia. Na yakikusanywa, yasifungiwe sandukuni.