Ikwalaiza na Mkwaruzo wa Vibuyu vya Mganda

Rekodi ya mganda iliyonifikia kutoka Tingi, wilayani Nyasa, ilichukuliwa kwa simu, uwanjani, siku ya upepo. Ukiisikiliza bila kujua ngoma hiyo utadhani spika imepasuka: juu ya midundo kuna sauti inayokwaruza tangu mwanzo mpaka mwisho. Kijana mmoja prodyuza, mzuri tu kwa biti za mjini, alipoisikia akaanza kutafuta mahali pa kuukata mkwaruzo huo. Nikamwomba auache. Ndio ala yenyewe.

Wachezaji wa mganda hujipanga mistari, wakaenda kwa hatua za gwaride, maana ngoma hii ilizaliwa kwa kuiga bendi za jeshi la mkoloni. Terence Ranger aliigusa katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma za beni. Mahali pa tarumbeta za shaba wapo watu wenye vibuyu. Mwenye kibuyu hapulizi, anaimba humo ndani bila maneno, na utando mwembamba uliozibia tundu, ambao kwa desturi hutoka kwa buibui, hutetemeka. Mwanamume akiimba noti ya hezi 120, utando unaamsha kwa nguvu 240, 360, 480 na kuendelea hadi elfu kadhaa. Huo ndio mkwaruzo. Tumbo la kibuyu nalo lina upendeleo wake: kikubwa hunenepesha sauti za chini, kidogo huzipa nguvu za juu. Aliyechagua vibuyu vile alikuwa amekwisha kugawa masafa kabla simu haijawashwa, na kazi ya anayemiksi ni kutoivuruga hesabu yake.

Niliifungua rekodi katika FL Studio, programu ambayo maprodyuza wengi wa Bongo Fleva wanaijua, nikaweka ikwalaiza yake ya bendi saba, kifaa cha kupandisha au kushusha sehemu fulani ya masafa. Uzuri wake ni kwamba inaonyesha kwa rangi sauti imejaa wapi. Ubaya wake ni huohuo, kwani watu huanza kumiksi kwa macho.

Upepo haukunisumbua. Uvumi wake mwingi ulilala chini kabisa, na kichujio cha kukata besi kwenye hezi 60 kiliuondoa. Nilipokipandisha hadi 90 ngoma kubwa ikapoteza kifua, nikakirudisha.

Ngoma hiyo kubwa ilikuwa na tatizo lake, mvumo wa sanduku tupu. Kuutafuta ni rahisi: unaifanya bendi moja iwe nyembamba, unaipandisha sana, unaitembeza polepole mpaka sauti mbaya ipige kelele, kisha unaishusha hapohapo. Ilipiga kelele karibu na hezi 280. Vitabu vingi vya fani hii vingekuambia ukate bila huruma, lakini fikiria muziki huu utasikilizwa wapi. Kwenye simu. Spika ya simu haiwezi kutoa hezi 80 ya ngoma kubwa kwa nguvu ya maana. Sikio husikia 160, 240 na 320, likajijengea lenyewe noti ya chini isiyokuwepo. Ukifyeka eneo hilo, msikilizaji wa simu anabaki na ngoma iliyokufa. Nikashusha desibeli 3, basi.

Kisha filimbi ya kiongozi wa wachezaji, iliyonichukulia muda kuliko yote. Iko karibu na hezi 3,000, mahali ambapo sikio la binadamu ni kali kupita kiasi, na kila inapolia inachoma. Ikwalaiza ya kawaida, hata hivyo, haijui filimbi ni nini. Inajua masafa tu. Ukishusha 3,000 umeshusha filimbi, na umeshusha pia utando wa kila kibuyu uwanjani, wimbo mzima, hata pale filimbi imenyamaza. Nilijaribu hivyo, na vibuyu vikageuka watu wanaoimba puani nyuma ya ukuta. Kijana yule aliipenda. Alisema sasa imekuwa safi, na kwa kweli ilikuwa safi, ila haikuwa mganda tena.

Dawa ilikuwa kuiamuru bendi hiyo ifanye kazi kwa vipindi. Filimbi ya kiongozi hulia pale mtindo unapobadilika, kwa hiyo nilichora mstari wa otomesheni: bendi nyembamba inashuka desibeli 7 filimbi inapoanza, inarudi sifuri inapokoma. Kwa muda huo mfupi vibuyu vinapungua makali, lakini filimbi yenyewe inaufunika upungufu. Ziko ikwalaiza zinazofanya hivi zenyewe kwa kusikiliza ukubwa wa sauti. Hapa zingeyumba, kwa kuwa vibuyu vingi vikiimba pamoja huufikia ukubwa wa filimbi.

Juu ya hezi 6,000 sikuongeza kitu. Kungeleta mng'ao, na pamoja nao vumbi lote la maikrofoni ya simu.

Jambo moja limebaki, na ikwalaiza hailiwezi. Simu hujishusha yenyewe inaposikia kelele kubwa, hivyo kila baada ya filimbi kali uwanja wote unazama, halafu unapanda taratibu. Hilo si kosa la masafa, ni la ukubwa wa sauti, na niliweza kulisawazisha kwa mkono kwa sehemu tu. Atakayekwenda kurekodi tena atafute programu ya simu inayoruhusu kuzima marekebisho hayo, asimame upande wa vibuyu badala ya ngoma kubwa, na filimbi iwe mgongoni mwake.